Pasta Alisema Nini?

Nakuru,
Jumamosi asubuhi

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu, zile za kanisani na zile za jikoni, zote kwa mkono mmoja. Mimi niko mzima. Kile kifua kilichonisumbua wakati wa vumbi kimefunguka, na chakula kinaingia. Nyinyi je? Goti lako linasemaje na hii mvua? Kukhu anakula, ama huyo bibi yetu bado anaficha ugali chini ya mto akidai ameshiba? Na Baba amepata mtu wa kumsaidia kulima ile sehemu ya mtoni? Nijibu yote, hata lile la ugali.

Najua Nanjala ndiye anakusomea, kwa sababu miwani yako Kukhu aliikalia. Nanjala mdogo wangu, soma polepole na usiruke mistari ukidhani sitajua. Kuna kazi nimekuwekea mwishoni.

Mama, ningepiga simu, lakini simu zetu si unazijua. Unauliza, "Umesoma?" Nasema, "Nimesoma." Unasema, "Mungu ni mwema," halafu jogoo anawika karibu na simu na mazungumzo yanaishia hapo. Na juzi ulisema jambo ambalo limenikwama kama mwiba wa samaki. Ulisema, "Mwanangu, usijitese. Mama Sifa amekubali kukuwekea kiti pale kwake. Ukianguka tena uje ushone, hakuna atakayekucheka." Uliyasema kwa upole, na ndiyo maana yaliniuma. Baba alipotoa uamuzi wake, kwamba nikianguka mtihani wa kurudia nifunge sanduku nirudi nyumbani, nilikasirika, na hasira ikanisaidia kuamka mapema. Lakini upole wako ulinikalisha kitandani na viatu mguuni. Nilijua sasa hata wewe umeanza kunitandikia kitanda.

Usikitandike bado. Mtihani ni Jumanne. Ni karatasi ileile iliyoniangusha, ya mwili wa mnyama na magonjwa ya tumbo, na chuo hakitoi nafasi ya tatu. Ukianguka hapo, jina linatolewa. Nataka nikueleze kitu ambacho nimekuwa nikifanya tangu nirudi huku, ili Jumanne ukiniombea ujue unamwombea nani.

Wacha nianze na vile nilianguka, kwa sababu hilo sijawahi kulieleza likaeleweka. Nyumbani mlidhani nilikuwa nacheza. Baba hata aliuliza kama kuna kijana. Mama, hakukuwa na kijana, kulikuwa na kalamu.

Kalamu zenyewe zilikuwa za rangi tatu. Buluu ya maelezo, nyekundu ya vichwa, kijani ya mambo ya maana sana. Madam Cherono, anayetufundisha somo hili, alikuwa akifungua mdomo mimi naandika, na angekohoa pengine ningeandika pia. Hakuna neno lake lililonipita. Mwanafunzi akikosa darasa alijua pa kwenda. "Niaje Printa," ndivyo walivyoniita, Printa, kama ile mashine ya kuchapa, "hebu toa notsi za jana tukapige kopi." Nami nilijivunia jina hilo, sitakudanganya. Daftari langu lilizunguka vibanda vya fotokopi mpaka jalada likalegea. Mtihani ulipokaribia nikalisoma na kulisoma tena. Kila nikigeuza ukurasa nasema moyoni, hii naijua, na hii naijua, napiga mstari wa manjano, naendelea. Mwishowe karibu daftari lote lilikuwa la manjano.

Matokeo yalipobandikwa ukutani, Kamau, ambaye Ijumaa hatumwoni darasani, alikuwa amepita. Wenzake wawili wa kukaa nyuma walikuwa wamepita. Walipita kwa notsi zangu, na mwenye notsi akaanguka. Kamau alikuja kunishukuru kabla hajaangalia jina langu, na soda mkononi. Nilikunywa hiyo soda, Mama. Ningefanya nini?

Basi mkaniona nyumbani likizo ile, nimekaa kama niliyefiwa. Nilirudi huku na uamuzi mmoja tu, nisome zaidi. Kwangu kusoma zaidi kulikuwa ni kuandika zaidi. Hata kalamu ya nne nilikuwa nimenunua, ya zambarau.

Kilichonifungua macho ni ng'ombe wa Dundori. Huko ni juu, nyuma ya mji, kwa wakulima wa viazi na maziwa, na baridi yake haina adabu, inaingia mpaka kwa soksi. Madam alikuwa ametupeleka tuone mifugo ya watu. Tukiwa njiani shosho mmoja, ndivyo wanavyomwita bibi kizee huko, akatokea akikimbia, amevua kitambaa cha kichwa anatupungia. Ng'ombe wake alikuwa amevunja ua na kuingia kwa minji ya jirani, zile njegere, asubuhi, ikiwa bado na umande, akala mpaka akafura. Tulimkuta amefura pande zote kama ngoma, ulimi nje, anahema. Madam akafungua begi lake akatoa ile sindano nene ya kutobolea tumbo, akanitazama mimi, kwa sababu nilikuwa karibu na pia kwa sababu alijua ninarudia mtihani. Akasema, "Nekesa, haraka. Tunatoboa upande gani?"

Mama, niliuona ukurasa. Nauona hata sasa. Ni ukurasa wa kulia, chini kidogo ya mchoro, wino wa kijani, nimepigia mistari miwili. Niliona hata doa la chai pale pembeni. Lakini neno lenyewe sikuliona. Kulia ama kushoto, hayo tu, mtoto wa chekechea anaweza kubahatisha. Nikafungua mkoba nikatoa daftari nianze kutafuta, na upepo nao ukawa unanigeuzia kurasa upande wake. Shosho akaniangalia, akamuuliza Madam, "Huyu anatafuta nini kwa kitabu na ng'ombe iko hapa?"

Madam hakuningoja. Alishika mahali, akatoboa, hewa ikatoka kwa mluzi na harufu ya kutapisha, na baada ya muda yule ng'ombe akajikokota akasimama. Shosho alitupikia chai ya maziwa matupu. Wenzangu walikunywa na kuongeza. Mimi yangu niliirudisha kikombe kikiwa kimejaa. Ni upande gani, sitakwambia sasa hivi. Ngoja.

Tukishuka kwenda barabarani Madam akaniita nyuma. Yeye si mtu wa kelele, na hapo ndipo anapotisha.

"Nekesa, wewe husoma?"

"Nasoma sana, Madam."

"Unasomaje? Nionyeshe."

Nikampa daftari. Aligeuza kurasa taratibu, akasema, "Hii ni kazi safi. Hakuna neno langu limeanguka chini." Nikaanza kupata nguvu. Halafu akalifunga, akalibana kwapani. "Sasa niambie nilifundisha nini jana."

Nilinyosha mkono kulichukua daftari, akazidi kulibana. Jana yake nilikuwa nimeandika kurasa nyingi mpaka kidole kikafanya sugu, na hakukuwa na sentensi hata moja ya kumpa.

Hapo, Mama, ndipo nilikusikia. Nilikusikia kabisa, umekaa kwa kile kigoda ukipakua mboga, Jumapili, sisi tumetoka kanisani na wewe umebaki na Kukhu. "Haya mkalimani, pasta alisema nini?"

Unakumbuka nilivyokuwa nakwama? Pasta wetu anakijua Kibukusu kuliko sisi wote, lakini akishika maiki anageuka Mzungu, na mimi nasimama kando yake nikitafsiri kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, mahubiri mazima. Watu wanasema amina kwa maneno yaliyotoka mdomoni mwangu. Halafu nafika nyumbani, unaniuliza, na sina kitu. Nanjala, aliyesinzia nusu ya ibada akiwa ameegemea bega la Baba, ndiye aliyekuwa anakueleza habari za yule mjane na chupa ya mafuta. Baba anacheka mpaka anaweka kijiko chini. Nawe ulisema siku moja, "Nekesa wewe ni bomba. Maji yote yanapita kwako na wewe unabaki na kiu." Nilinuna mpaka jioni.

Lakini ulisema kweli, na sasa ninaelewa kwa nini. Mkalimani hana nafasi ya kukaa na neno. Ukiishika sentensi moja uifikirie, pasta ameshaanza nyingine, na kanisa zima linakungoja. Kwa hivyo unajifunza kupokea na kuachilia. Hiyo ni kazi nzuri madhabahuni. Mimi niliibeba vilevile nikaja nayo darasani. Kule ilikuwa kutoka sikioni kwenda mdomoni, huku ikawa kutoka sikioni kwenda kwa kalamu. Mahali pote nilikuwa natafsiri.

Nikamweleza Madam yote, palepale njiani, hata habari ya bomba. Alicheka mpaka akashika ua wa watu. Kisha akasema, "Mimi sitafuti mkalimani. Natafuta shahidi. Shahidi hakariri, anasema alichokiona." Akanirudishia daftari. "Na ukitaka ushauri, hiyo zambarau mpe mtoto achoree."

Kuanzia siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali lako. Nitakueleza vile ninafanya, na Nanjala asikilize kwa sababu mwaka ujao ni yeye na kidato cha nne.

Darasani siku hizi mikono inakaa mezani. Madam anaongea, mimi nasikiliza mpaka wazo liishe, na hapo ndipo naandika, kidogo, kwa maneno yangu mwenyewe. Kiswahili kikikwama naandika Kibukusu. Nimepiga mstari wa kusimama kando ya kila ukurasa, na upande ule mwembamba naweka maswali badala ya majibu. Kwa nini ng'ombe anacheua na punda hacheui? Kwa nini minji yenye umande na si nyasi kavu? Mwanzoni mkono ulikuwa unawasha, Mama. Naona maneno ya Madam yanapita yakienda zake na mimi nimeyaacha, najisikia kama mtu anayeangalia mahindi yakimwagika kutoka kwa gunia.

Darasa likiisha, kabla ya chakula, nakaa kwa ile benchi nyuma ya maabara. Nafunga daftari. Nasema kwa sauti, "Haya, pasta alisema nini?" Watu wakipita wanadhani nimeokoka upya. Kisha nachukua karatasi tupu naandika kila ninachokumbuka bila kuchungulia. Siku ya kwanza nilitoa mistari minne kwa somo la asubuhi nzima. Nililia palepale kwa benchi. Nilikuwa nimezoea kurasa kumi za rangi, na sasa ninaona vile kichwa changu kilikuwa kitupu muda wote. Lakini nikajifuta, nikafungua daftari, nikachukua kalamu nyekundu nikaandika yale yaliyonitoroka. Nyekundu sasa ina kazi hiyo tu.

Kesho yake narudia lilelile, na wiki ikiisha narudia tena, na tena baada ya kuliacha kidogo. Sirudii kwa kusoma, narudia kwa kujiuliza. Madam anasema jambo ukilivuta wakati linakaribia kukutoroka, linakaa. Nilidhani ni maneno ya walimu. Sasa naona ni kweli, kwa sababu yaliyokuwa mekundu wiki ya kwanza mengi yamehamia upande wangu.

Na vitabu, nilikuwa naanza ukurasa wa kwanza nasonga mbele mpaka usingizi unikute. Sasa kabla ya kusoma sura naangalia vichwa vyake, michoro, na yale maswali ya mwisho. Ndipo naingia. Ni kama kwenda soko la Kimilili ukijua unataka nini. Ukienda bila kujua unarudi na sahani za plastiki.

Simu naiacha kwa mama mwenye ploti, yule aliyetupangisha chumba, mpaka nimalize. Juzi alinirudishia akisema, "Chukua, imelia kama mtoto wa kulelewa." Ndiyo maana ulinikosa Jumatano. Usihesabu kwamba nimekusahau.

Halafu kuna Chebet, yule tunayeishi naye chumba kimoja, msichana wa Molo. Yeye anasomea upishi. Ng'ombe anamjua akiwa kwa sufuria. Kwa hivyo yeye ndiye kanisa langu. Akimenya viazi, mimi nasimama mlangoni namfundisha. Akielewa anaendelea kumenya. Asipoelewa anainua kisu na kusema, "Hapo umeongea Kizungu ya kitabu. Rudia." Narudia. Jinsi alivyo mkali, Mama, viazi vimechelewa kuiva mara nyingi kwa sababu ya matumbo ya ng'ombe.

Hebu nikufundishe wewe pia, uone. Sijafungua kitabu, daftari liko chini ya kitanda. Si unayajua matumbo, huwa unayaosha kila Krismasi? Ile kubwa yenye manyoya kama taulo ndiyo ghala. Ng'ombe akila, anameza haraka bila kutafuna vizuri, yote yanaingia ghalani. Ile ya pili, ndogo, yenye vyumba kama sega la nyuki, inashika vitu vizito, na ndiyo maana ukikata unakuta misumari na vipande vya waya. Akishiba analala kivulini, anayarudisha majani mdomoni kidogo kidogo, anayatafuna upya. Ndiyo kucheua. Yakilainika yanaenda kwa ile ya tatu, yenye kurasa kama Biblia, ambayo Baba hukataa kuiosha. Hapo maji yanakamuliwa. Mwisho yanafika kwa ile ya nne, ambayo ndiyo kama yetu sisi, na huko ndiko chakula kinakuwa chakula.

Sasa lile ghala likijaa majani mabichi kama minji yenye umande, yanachacha na kutoa povu. Hewa inanaswa ndani ya povu, ng'ombe anashindwa kubeua, na anafura. Ukimpata mapema unamsimamisha miguu ya mbele ikiwa juu kwa mlima, unamfunga kijiti mdomoni atafune mate yatoke, unamnywesha mafuta ya kupikia polepole ili yavunje povu, na unamwita daktari. Akifika kiwango cha kuanguka, ndipo daktari anatoboa. Na anatoboa kushoto, Mama, kwa lile shimo nyuma ya mbavu za mwisho, kwa sababu ghala limelalia upande wa kushoto. Ukijua ghala liko wapi huhitaji kukariri upande. Hicho ndicho wino wa kijani haukuwahi kuniambia.

Na Madam anasema mwanafunzi ni vivyo hivyo. Darasani unameza, lakini usipotafuta kivuli ukacheua, yatakufurisha.

Usidhani imekuwa rahisi. Darasa zima lilinikasirikia. Kamau alikuja na wenzake kuchukua notsi, nikampa lile daftari jipya. Akaangalia mistari yangu mifupi, maswali, Kibukusu, nyekundu kila mahali. Akasema, "Hii ni nini sasa? Kuku alipita hapa? Printa, si useme tu umetunyima." Nikamwambia Printa ameharibika, lakini anayetaka aje kwa benchi nimuulize maswali na yeye aniulize. Wengine waliondoka wakininunia, na kuna mmoja mpaka leo hanisalimii. Kamau alirudi. Sasa tunaulizana kila Alhamisi, na akinishinda anafurahi kupita kiasi. Nilimuuliza alifanya nini na notsi zangu mpaka akapita. Akasema kwa vile hakuwa darasani, hakuna kitu kilikuwa kinaeleweka, ikabidi akae na kila ukurasa na kujieleza mwenyewe mpaka apate maana. Unaona? Mimi nilipika, yeye akala.

Kuna siku pia nilishindwa. Nilikuwa nimechoka, siku mbaya, nimejiuliza maswali na kukosa karibu yote. Nikalitoa lile daftari la zamani la rangi. Mama, utamu wake! Nilisoma sura nzima na kila mstari uliniamkua kama jamaa yangu. Nikajiona mwerevu tena. Halafu nikalifunga nikajiuliza, pasta alisema nini, na sikuwa na chochote. Nikalifunga kwa kamba ya manila nikampa Chebet alifiche. Mpaka leo sijui amelificha wapi, na nimemkataza kuniambia.

Wiki hii tulipanda Dundori tena. Tukapita kwa yule shosho. Ng'ombe wake mzima, amezaa ndama wa kike. Shosho alinitambua kabla ya wote, akasema, "Wee wa kitabu, leo imebaki wapi?" Nikamwambia imebaki Nakuru. Madam akanisimamisha mbele ya ng'ombe na wenzangu wote wakiwa pale, akaniuliza maswali mfululizo. Nilijibu mikono ikiwa mifukoni kwa sababu ya baridi. Moja lilinishinda, la kwa nini usimnyweshe mafuta akiwa amelala chini. Shosho mwenyewe akacheka, "Si yatamwingia kwa mapafu!" Sitalisahau tena. Safari hii chai niliimaliza, na niliongezwa.

Mama, sikuahidi kwamba nitapita. Karatasi inaweza kuja na mambo ambayo sijayafikia. Lakini mara ya kwanza niliingia chumba cha mtihani na daftari zuri nililoliacha mlangoni. Safari hii ninachokijua ninaingia nacho, na kile nisichokijua nakijua pia, nimekiandika kwa nyekundu na nina siku mbili na nusu za kukifuata. Leo nikishampa kondakta wa basi la huko kwetu barua hii aifikishe kesho, nafanya mtihani wa zamani na saa mbele yangu. Kesho kanisani wameniomba nitafsiri. Nimekubali, na tukirudi Chebet ataniuliza swali lako. Jumatatu nalala mapema.

Ninachokuomba ni kimoja. Nenda kwa Mama Sifa, umpe asante yangu ya kweli, na umwambie kile kiti ampe msichana mwingine anayekihitaji. Usingoje Jumanne. Nikijua kiti kinaningoja nitakikalia, najijua. Na ukinipigia, usiniambie tena nisijitese. Niulize.

Msalimie Baba. Mwambie sina hasira naye tena, na yule kijana aliyekuwa anamtafuta bado hajaonekana. Msalimie Kukhu ambaye nimebeba jina lake, mwambie ugali ni wa kula, si wa kulalia. Msalimie mjomba aliyeninunulia sanduku, nataka likae huku mpaka lizeeke. Na pasta pia, mwambie nikija likizo nitatafsiri, lakini apunguze mwendo, kwa sababu siku hizi na mimi nataka kusikia.

Sasa wewe Nanjala, umefika mwisho. Kunja barua, uikalie, na usichungulie. Mama, mgeukie umuulize: Nekesa alisema nini? Na ng'ombe akifura mpaka kuanguka, anatobolewa upande gani, na kwa nini?

Akijibu hilo la kwa nini, jueni nimeshaanza kupita.

Mimi binti yako wa huku Nakuru, aliyekuwa bomba,
Nekesa